Namna ya Kujenga Barabara Donegal Bila Kuchafua Viatu

Hongera kwa kazi mpya. Halmashauri ya kaunti ya Donegal, kule kaskazini-magharibi mwa Ireland, imekukabidhi barabara, na naona tayari umeanza kuulizia bei ya buti. Ngoja kwanza. Buti ni za awamu ya 6, na wewe uko awamu ya 0. Usicheke. Mwongozo wa Transport Infrastructure Ireland, wakala wa taifa unaoshika fedha za barabara kuu, huugawa uhai wa mradi katika awamu zinazoanzia 0 na kuishia 7, na katika hizo nane ujenzi wenyewe, ule wa katapila na kifusi na watu wenye kofia ngumu, umepewa moja tu. Zilizobaki ni karatasi. Nunua kabati la mafaili, tena lenye kufuli nzuri, maana huenda atakayelifunga akawa mrithi wa mrithi wako.

Kabla hujagusa penseli, ijue kaunti yako ilivyokaa, kwa sababu ramani yenyewe ni mzaha. Donegal ni sehemu ya Jamhuri ya Ireland, nchi ambayo majirani wa ng'ambo ya mpaka huiita Kusini. Lakini Malin Head, ncha ya juu ya Donegal, iko kaskazini kuliko kipande chochote cha Ireland Kaskazini. Kaunti hii imeshikizwa kwenye Jamhuri yake kwa kilomita chache tu za mpaka na kaunti ya Leitrim, kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja; kwingine kote ni bahari ya Atlantiki au ardhi ya Uingereza. Reli haina. Ilikuwa nayo: treni za Lough Swilly zilikoma 1953, na zile za County Donegal zikafunga kazi siku ya mwisho ya mwaka 1959. Watu hawakusahau. Pale Letterkenny, mji mkubwa wa kaunti, kwenye kipilefti cha Dry Arch, zimesimamishwa sanamu za mchongaji Maurice Harron za wafanyakazi wa reli wakiinua jiwe la daraja. Dereva ana wasaa wa kuzitazama asubuhi na jioni, kwa kuwa foleni haimpi shughuli nyingine. Sijui mahali pengine ambapo kumbukumbu ya dawa imewekwa juu ya ugonjwa wenyewe kwa usahihi namna hii.

Jifunze pia neno moja la Kiayalandi: bóthar. Ndilo jina la barabara, na ndani yake amelala ng'ombe, maana bó ni ng'ombe. Kamusi ya kale inayohusishwa na Cormac, mfalme aliyekuwa pia askofu na aliyefariki mwaka 908, inaeleza kwamba bóthar sharti itoshe ng'ombe wawili, mmoja kasimama kwa urefu na mwingine kwa upana. Hicho ni kiwango cha usanifu kama viwango vingine, na zipo barabara za kaunti yako ambazo bado zinakiheshimu, zenye ukanda wa nyasi katikati ya lami mithili ya mkeka. Ukikutana na trekta humo, mmoja wenu arudi kinyumenyume. Huyo ni wewe.

Sasa jina la mradi, maana jina ni nusu ya bajeti. Usiende Dublin kuomba fedha za mchepuo wa Ballybofey. Dublin hawajui Ballybofey iko wapi, na anayejua anajua kwa kuwa aliwahi kukwama pale. Ballybofey na Stranorlar ni miji pacha iliyotenganishwa na mto Finn na kuunganishwa na foleni. Fanya kama walivyofanya wenzako: chukua mchepuo huo, uufunge fungu moja na kipande cha kutoka Letterkenny hadi Manorcunningham, na kingine cha kutoka Manorcunningham hadi Lifford, kisha lipachike fungu zima jina la TEN-T, yaani mtandao wa usafiri unaovuka Ulaya. Hapo hapo ng'ombe wa Cormac wanatoweka na badala yake unaonekana ushoroba wa bara zima. Barabara ni ileile, madimbwi ni yaleyale, ila sasa Brussels inajua yapo.

Baada ya jina, chora mistari. Usichore mmoja. Sheria inataka uonyeshe kwamba ulifikiria njia mbadala, kwa hiyo chora mitano na kila mmoja uupe rangi yake: wa bluu, wa kijani, wa zambarau, wa machungwa, na mwekundu usiokusudiwa kujengwa hata kidogo bali umewekwa ili ile mingine ionekane ya busara. Mstari usiwe mwembamba. Upe upana wa mita mia kadhaa, ili kila aliye ndani asijue kama barabara itapita chumbani kwake au nyuma ya banda la kondoo. Angalia ulichofanikisha kwa penseli tano. Ungechora mstari mmoja ungewakosesha usingizi watu wa mstari mmoja. Umewakosesha wa mistari mitano, na umefanya hivyo kwa mujibu wa sheria, kwa nia njema, na kwa rangi za kupendeza.

Mistari hiyo huonyeshwa hotelini. Kodi ukumbi, panga meza ndefu, tandaza ramani, weka chai na biskuti, na waweke vijana wa kampuni ya wahandisi washauri wenye beji vifuani. Watu watakuja baada ya kukamua ng'ombe. Hakuna hata mmoja atakayetazama barabara. Kila mtu atatafuta nyumba yake kwa ncha ya kidole, ataikuta, atanyamaza, kisha atauliza swali ambalo vijana wako wamekatazwa kulijibu: "Je, ni hapa?" Jibu lililoidhinishwa ni kwamba bado tuko hatua ya mapema sana. Litunze jibu hilo. Litakufaa kwa miaka mingi.

Tanzania tunajua namna nyingine ya kupeana taarifa hizi. Mtu huamka akakuta ukuta wake umepigwa X nyekundu, na ujumbe umefika. Donegal X huletwa na posta, ndani ya bahasha, kwa lugha ya heshima, ikiwa na ramani na namba ya kiwanja. Msomaji anaweza kudhani bahasha ina huruma kuliko rangi. Sina hakika. Mwenye X hujua anavunjiwa. Mwenye bahasha hajui. Ameambiwa tu kwamba shamba lake limo ndani ya ushoroba. Mwanawe anataka kujenga nyumba kwenye kona ya shamba, kama wazazi wake walivyojenga kwenye kona ya shamba la babu. Anapeleka maombi ya kibali kwa halmashauri, na halmashauri inamjibu kwamba haiwezi kumruhusu kujenga mahali ambapo yenyewe inaweza kuja kujenga. Lini? Bado tuko hatua ya mapema sana. Kwa hiyo shamba haliuziki, halijengwi, halichukuliwi na halilipwi fidia. Lipo tu, limepakwa bluu. Katika mwongozo wote huu, hili ndilo jambo linalofanyika kwa haraka na bila gharama yoyote, na ndiyo maana hakuna anayelihesabu kuwa gharama.

Mpima ardhi wako akifika shambani atakaribishwa chai. Anywe. Mkulima wa Donegal atamtilia kikombe cha pili, atamkatia mkate, atamuuliza habari za mama yake, na kesho yake atasaini pingamizi. Hakuna unafiki hapo. Pingamizi ni la barabara, chai ni ya mgeni. Wala usidhani chai hiyo ni ile ya kwetu ambayo huingia katika bahasha. Ireland nayo ilikuwa na chai ya aina hiyo, iliyonyweka hasa katika mipango ya ardhi ya Dublin, na tume ya kuichunguza iliundwa mwaka 1997 ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2012. Miaka 15. Ukiona hata rushwa inahitaji miaka 15 ya makaratasi, utaelewa kwamba katika nchi hiyo njia ya mkato haipo.

Isipokuwa gofu, lakini gofu ina zamu yake.

Sasa wajue wenyeji wengine wa kaunti, wale wasiokuja hotelini. Wajue kwa majina yao ya Kilatini, maana ndiyo yatakayotajwa mahakamani. Mto Eske wa Donegal una kome wa lulu, Margaritifera margaritifera, anayetaka maji safi kuliko yale unayokunywa wewe na anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100. Msalimie kwa adabu. Kome huyo anaweza kuwa alizaliwa kabla ya mpaka wa Ireland kuchorwa, na kati yenu wawili, yeye ndiye mwenye matumaini ya kuuona uzinduzi. Kuna popo, ambao hawapendi taa. Kuna fisi-maji, ambao utawajengea vivuko vyao vikavu chini ya barabara kabla hujawajengea watoto wa shule kivuko chao juu yake.

Halafu kuna konokono. Kila mhandisi wa Ireland ana hadithi ya konokono, na zote zinarudi Kildare, ambako mchepuo uliofunguliwa mwaka 2003 ulicheleweshwa kwa ajili ya konokono wa milimita 2 hivi aishiye katika kinamasi cha Pollardstown. Watu baani walicheka sana: taifa zima kusimamishwa na kiumbe anayetosha juu ya ukucha. Waliocheka hawakuuliza konokono alikuwa analalamikia nini. Barabara ilikuwa imepangwa kupita ndani ya mtaro mkubwa uliochimbwa chini, na mtaro huo ungeyavuta maji ya ardhini kutoka kwenye kinamasi ambacho huulisha mfereji wa Grand Canal. Konokono alikuwa mita ya maji iliyojua kusoma mapema kuliko mashine. Wahandisi mwishowe walikubali, wakauziba mtaro ukawa kama tangi, maji yakabaki kwao na magari yakapita. Nikitakiwa kuchagua kati ya konokono na aliyesanifu mtaro wa kwanza, mimi naketi na konokono. Ila wewe ni mtu wa halmashauri, kwa hiyo endelea kuguna.

Wageni husahau majini. Waayalandi hawayaiti hivyo. Kwa tahadhari huyaita watu wema, kama wazee wetu nao wasivyopenda kuita baadhi ya vitu kwa majina yake usiku. Watu wema hukaa kwenye maboma ya udongo ya mviringo yaliyotapakaa mashambani, na chini ya miti ya miiba iliyosimama peke yake. Mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, barabara mpya ilielekea kuung'oa mti mmoja wa namna hiyo. Eddie Lenihan, msimulizi wa hadithi, akajitokeza na kueleza kwamba mti huo ni kituo cha majini wa Munster wanapokwenda kupigana na majini wa Connacht, na kwamba atakayeukata asije kulaumu mtu ajali zikianza. Mpango ukarekebishwa. Barabara ikapita, mti ukabaki kando yake ndani ya uzio. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliupiga msumeno matawi yote, nao ukachipua tena. Na mwaka 2017 mbunge wa Kerry, Danny Healy-Rae, alisimama hadharani akasema kwamba bonde linalorudi kila mara kwenye barabara ya N22, hata likijazwa lami, linasababishwa na maboma ya majini ya jirani.

Mbinu ni hii. Katika ripoti ya athari kwa mazingira usiandike jini. Andika mti, au andika boma la kale lenye thamani ya kiakiolojia, kisha lizungushe barabara bila kutoa maelezo. Jini halina kifungu katika sheria za Ulaya za kulinda makazi ya viumbe, lakini hakuna anayekumbuka kesi ambayo jini lilishindwa.

Akiolojia yenyewe ina busara yake ya peke yake. Karibu na kilima cha Tara, kaunti ya Meath, kilipokaa kiti cha wafalme wa kale, wajenzi wa barabara ya M3 walifukua mwaka 2007 huko Lismullin uwanja wa ibada wa Enzi ya Chuma, duara la mashimo ya nguzo lililozidi ukubwa wa chochote walichotarajia. Likatangazwa kuwa mnara wa taifa. Ukitangaza kitu kuwa mnara wa taifa, utakihifadhi vipi nacho kimelala katikati ya barabara? Kwa maandishi. Wataalamu walikichimba, wakakipima, wakakipiga picha, wakakiandika chote vitabuni, kisha barabara ikapita juu yake na kufunguliwa 2010. Hii ndiyo hifadhi kwa kumbukumbu. Ijaribu nyumbani: piga picha ya sahani, iandike, kisha ivunje, na umwambie mkeo imehifadhiwa.

Kuna barabara nyingine utakazokutana nazo vilimani ambazo hazina mzaha. Zinapanda mlima, zimejengwa kwa mawe vizuri, kisha zinakoma. Hakuna kijiji mwisho wake, hakuna machimbo, hakuna kitu. Ni za miaka ya njaa kuu, hasa 1846 na 1847, serikali ilipoona kwamba kuwapa wenye njaa chakula bure kutawaharibu tabia, ikawapa kazi ya kuvunja mawe kwa ujira usiotosha kununua unga. Kwa kuwa kazi haikutakiwa kumnufaisha mwenye shamba yeyote kuliko mwenzake, barabara hazikulazimika kwenda popote. Usiziweke kwenye jedwali la njia mbadala. Zipite kimya.

Turudi kwenye fedha. Mchoro wako umekamilika, mstari wa bluu umeshinda, na mawaziri watatu wamepiga picha wakiuelekezea kidole. Ni mwaka 2008. Uchumi unaanguka. Ireland inaokolewa kwa mikopo ya kimataifa mwaka 2010, na faili lako linapelekwa kabatini, lile lenye kufuli. Litakapotoka, tafiti za wanyama zitakuwa zimechakaa na hesabu ya magari itakuwa ya magari ambayo yamekwisha kuwa chuma chakavu. Utaanza upya, maana popo wa mwaka ule si popo wa mwaka huu. Kisha serikali mpya ya 2020 itakubaliana kwamba kwa kila euro 1 ya barabara mpya, 2 ziende kwenye usafiri mpya wa umma. Ni uamuzi wa maana, nchi imejifunga kisheria kukata hewa chafu kwa asilimia 51 ifikapo 2030. Mtu wa Donegal ataupokea kwa moyo mmoja, na atakwenda kituo cha treni kilicho karibu naye kuushangilia. Kiko kaunti nyingine.

Tuseme basi umevuka yote, na maombi yako yamefika kwenye bodi ya mipango, iliyozaliwa 1977 kwa jina la An Bord Pleanála na kubadilishwa kuwa tume, An Coimisiún Pleanála, mwezi Juni 2025. Kutakuwa na kikao cha kusikiliza, wanasheria pande zote, na shahidi mtaalamu wa kelele akibishana na shahidi mwingine mtaalamu wa kelele kwa sauti za chini sana. Ukipewa kibali, usisherehekee. Kibali ni tiketi ya kwenda mahakamani.

Watu wa mji wa Galway watakusimulia. Mchepuo wao wa kwanza ulifia Luxembourg mwaka 2013, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliposema kwamba kupoteza moja kwa moja hekta 1.47 za sakafu asilia ya mawe ya chokaa, kati ya 270 zilizokuwa zimehifadhiwa, ni kuliharibu eneo lenyewe. Wakachora mwingine. Bodi ikaupitisha mwishoni mwa 2021. Ikagundulika kwamba siku chache kabla ya uamuzi serikali ilikuwa imetoa mpango mpya wa hali ya hewa, na bodi iliamua bila kuutazama. Kibali kikafutwa. Mradi wa miaka mingi, kurasa zisizobebeka na mtu mmoja, ukaanguka kwa sababu ya waraka mmoja ambao haukusomwa. Kwa hiyo asubuhi ya uamuzi wowote, kabla hujanywa chai, fungua redio uulize kama serikali imetoa mpango.

Na Galway wana bahati: barabara yao yote iko nchi moja. Barabara inayoihusu Donegal kuliko zote haiko Donegal, wala haiko Ireland yako. Ni A5, kutoka Derry hadi Aughnacloy, ndani ya Ireland Kaskazini, njia ya kwenda Dublin kwa nusu nzuri ya kaunti. Mpango wa kuipanua ulitangazwa 2007 na Dublin ikaahidi pauni milioni 400, fedha za nchi moja kujenga barabara ya nchi nyingine. Mwaka 2011 Dublin ikawa haina kitu, ahadi ikapunguzwa. Mahakama ya Belfast ikafuta kibali mwaka 2013 kwa sababu ya mito ya eneo la Foyle kutotathminiwa ipasavyo. Kibali cha pili kikaanguka 2018, kwa kuwa kilitolewa na watumishi wakati ambapo serikali ya Belfast ilikuwa imevunjika na hapakuwa na waziri wa kusaini. Dublin ikarudi 2024 na ahadi ya euro milioni 600. Kibali cha tatu kikatolewa mwaka huohuo, na Juni 2025 mahakama ikakifuta nacho, safari hii kwa sababu ya sheria ya hali ya hewa ambayo bunge la Belfast lenyewe liliitunga mwaka 2022. Kila mara hoja ilikuwa sahihi. Soma hukumu zote tatu, hutapata hakimu wa kumlaumu. Wala mwenye mashamba aliyeshtaki, shamba ni lake. Wala mto.

Ila kwenye faili hakuna ukurasa wa barabara ya zamani, ile ambayo mpya ilikusudiwa kuipumzisha. Katika A5 wamekufa watu zaidi ya 50 tangu 2006. Familia zao zilikaa mahakamani zikisikiliza mabishano ya hewa ya ukaa. Ripoti ya mazingira hupima kelele, vumbi, popo, samaki na mandhari ya mradi ukijengwa. Safu ya mradi usipojengwa huwa fupi, mistari michache, na mara nyingi husema hali itaendelea kama ilivyo.

Sasa gofu. Mji wa Adare, kaunti ya Limerick, una nyumba za kuezekwa kwa nyasi na foleni ya kutisha kwenye barabara ya Limerick kwenda Kerry. Mchepuo wake uliimbwa kwa miaka mingi kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Kisha ikatangazwa kwamba Ryder Cup, mashindano makubwa ya gofu kati ya Ulaya na Marekani, yatachezwa pale Adare Manor Septemba 2027. Kibali kikapatikana 2022 kwa barabara ndefu ya Foynes hadi Limerick, na serikali ikaamua kipande cha Adare kitangulie, kiwe tayari kabla mpira haujapigwa. Sitaki kusema mengi. Ballybofey ina uwanja wa mpira wa miguu, Finn Park, ambao hakuna Mmarekani aliyewahi kuufikia kwa helikopta. Kama una ndugu mwenye mchanga na nyasi fupi, zungumza naye.

Hatimaye awamu ya 6. Vaa buti. Utagundua kwamba chini ya Donegal kuna mboji, mita kadhaa za majani yaliyolowa kwa maelfu ya miaka bila kumaliza kuoza, ambayo wenyeji hukata vipande, hukausha na kuwasha kama kuni. Huwezi kujenga juu yake bila hila. Ama uifukue yote ujaze mawe, na hapo utatafuta pa kumwaga mlima wa matope meusi, ama uielezeshe barabara juu yake kama mashua na kuomba isizame. Wazee watakwambia waliijua tabia hiyo. Hukuwauliza, ulikuwa na kompyuta. Waziri atakuja na koleo jipya kuchimba udongo wa kwanza mbele ya kamera, mahali ambapo katapila ilikwisha kulainisha tangu asubuhi, na waziri mwingine, wa chama kingine, atakuja kukata utepe na kuishukuru serikali yake kwa maono. Mkulima wa mstari wa bluu ataalikwa. Atakuja. Atakuuliza habari za mama yako.

Usianze kuagiza keki bado. Kipande cha tatu cha mradi wako, kile cha kutoka Manorcunningham, kinateremka hadi Lifford, mpakani kabisa, hapo Finn na Mourne zinapokutana kuwa Foyle. Kimesanifiwa kuvuka mto kwa daraja na kuishika A5 mpya upande wa pili, mahali ambapo kilomita hugeuka maili. A5 mpya haipo. Upande wa pili kuna malisho, na ng'ombe wawili, mmoja kasimama kwa urefu na mwingine kwa upana. Weka kipilefti hapo, kipana, chenye alama zinazoonekana usiku, ili kila atakayefika aweze kugeuka. Na katikati yake uache nafasi ya sanamu.